Benzi 240D ya mjomba na themostati tatu

Julai ya Lushoto ni ya kuvaa koti hata saa sita mchana, na baridi hiyo ndiyo iliyomtoa mjomba shambani kuja kunitafuta. Hakuja kusema kwamba gari linachemsha. Alikuja kusema hita haitoi joto. "Mwalimu," akasema, maana tangu nianze kufundisha fizikia sekondari ameliacha jina langu, "ile hita inapuliza kama feni ya msikitini." Habari ya kuchemsha aliitaja tukiwa tumeshakunywa chai, tena kwa kupitia tu: akipanda kutoka Mombo kuja Lushoto, mshale wa joto hufika pabaya kabla ya Soni, iliyo njiani. Basi husimama, hufungua boneti, hununua plamu kwa kina mama wa barabarani, husubiri nusu saa, kisha humalizia safari. Alikuwa ameshazoea. Plamu za miezi hiyo zote tulizokula nyumbani zilitokana na ugonjwa huo.

Gari lenyewe ni Mercedes 240D ya mwaka 1983, lile umbo la W123 ambalo wazee wetu waliliona likibeba mawaziri na mabalozi, zama ambazo neno Wabenzi lilikuwa tusi na ndoto kwa pamoja. Ziliundwa karibu milioni 2.7 kati ya 1975 na 1986, za petroli na za dizeli. Hii ya mjomba ni dizeli isiyo na tabo, silinda 4, cc 2,399, nguvu za farasi 72 za kusukuma karibu tani moja na nusu. Haina haraka. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 za kona na mwinuko, unatoka kwenye joto la mkonge unaingia kwenye ukungu, na 240D huipanda kwa gia ya pili na ya tatu, injini ikifanya kazi yote iliyo nayo.

Kabla sijaigusa, gari lilikuwa limeshatibiwa mara mbili. Gereji moja ilibadilisha rejeta. Halikupona. Gereji nyingine ikabadilisha wota pampu, nalo halikupona, na fundi wa pale akamwambia mjomba kwamba kilichobaki ni kufungua silinda hedi kuangalia gasketi. Mjomba alikuwa anatafuta pesa za kazi hiyo. Nasema haya mapema kwa sababu rejeta na pampu zile zilikuwa za gharama, na hazikuwa na kosa.

Nilimwomba tuzunguke naye kidogo. Tulishuka hadi Mombo, tukaenda tambarare upande wa Korogwe kama nusu saa, tukarudi. Kwenye mteremko na tambarare mshale ulikaa chini kabisa, kama nyuzi 50 au 55, na haukutaka kupanda hata tulipokwenda kasi. Tulipoanza kupanda, ulipita 80 kwa haraka, ukapita 100, na kabla ya Soni ulikuwa unakaribia 115. Tukasimama. Tukanunua plamu.

Wengi hapa huona magonjwa mawili: hita mbovu na gari linalochemsha. Mimi niliona moja. Gari lenye rejeta iliyoziba au gasketi iliyoungua haliwi baridi kupita kiasi kwenye tambarare. Huwa sawa, au huwa moto. Linalokaa baridi likipumzika na kuchemka likifanya kazi limepoteza kitu cha kuamua maji yapite wapi. Kitu hicho ni themostati.

Nikamuuliza mjomba. Akafikiri, akakumbuka: miaka kadhaa iliyopita, mjini, fundi mmoja aliitoa. "Alisema hiki ni kidude cha Wazungu wa baridi. Huku kwetu joto, hatuna kazi nacho." Tulifungua kifuniko cha nyumba ya themostati tukakuta ni tupu. Boliti moja ilikatika wakati wa kufungua, pamoja na kulowekwa mafuta usiku kucha, ikatula siku nzima.

Hebu nikae hapa kidogo, kwa sababu ushauri ule wa kutoa themostati nimeusikia kuanzia Tanga hadi Mwanza, na kuna magari ambayo hayadhuriki sana nao. Ndiyo maana unaendelea kuishi. Fundi anaitoa kwenye gari la aina fulani, gari linapoa, anahitimisha kwamba dawa ni hiyo.

Themostati ni kikombe kidogo cha shaba chenye nta ndani. Nta ikipata joto la kiwango chake huyeyuka na kuvimba, inasukuma kipini, na kipini kinafungua mlango wa maji. Kabla mlango haujafunguka, maji hayaendi kwenye rejeta. Yanazunguka ndani ya injini tu na kurudi kwenye pampu kwa njia fupi ambayo mafundi wanaiita baipasi. Hivyo injini inapata moto haraka. Hadi hapo kila fundi anajua. Kinachosahaulika ni nusu ya pili. Kwenye injini nyingi za zamani za Kijerumani, na hii ya 240D ni mojawapo, chini ya themostati kuna kisahani cha pili chenye springi yake. Mlango wa juu unapofunguka kuelekeza maji kwenye rejeta, kisahani kile cha chini kinasogea na kuziba mdomo wa baipasi. Yaani themostati hufungua njia moja na kufunga nyingine kwa pigo lile lile.

Ukiitoa, baipasi inabaki wazi saa zote. Maji kama mtu yeyote hufuata penye wepesi. Sehemu yake kubwa inapita mkato, inarudi injini ikiwa na moto wake ule ule, na ile inayokwenda kwenye rejeta haitoshi kazi ya mlimani. Kwenye tambarare, ambako injini haitoi joto jingi, hata hicho kidogo kinachopita kwenye rejeta kinapooza kupita kiasi. Ndipo unapopata gari la mjomba: bondeni friji, mlimani birika.

Fundi wetu wa jirani, kijana hodari ambaye ndiye aliyefanya kazi yote ya mikono katika kisa hiki, alikuwa na maelezo yake. "Mwalimu, bila themostati maji yanapita haraka mno kwenye rejeta, hayapati muda wa kupoa." Nimeyasikia maelezo haya hata kwa wahandisi. Hayasimami. Maji yakipita haraka yanarudi haraka pia, na rejeta inayopitisha maji mengi hutoa joto jingi zaidi. Lakini kubishana na fundi kwa maneno ni kazi bure, naye ana haki ya kudai aone. Tukafanya jaribio.

Tulimpelekea mchongaji wa leathi kipimo cha mdomo wa baipasi, akatuchongea kizibo cha alumini chenye kofia pana juu, ili kisije kikamezwa na pampu. Tukakipachika, tukafunga kifuniko bila themostati, tukashuka Mombo tukapanda. Mshale ulikaa kwenye 60, ukafika 70 kwenye kona kali za chini ya Soni, ukarudi. Rejeta ile ile, pampu ile ile, hedi ile ile haijafunguliwa. Fundi alicheka akapiga mkono kwenye bampa. Mjomba aliuliza kama sasa hatutanunua plamu.

Alitaka kuacha hivyo hivyo. "Si limepona?" Halikuwa limepona, lilikuwa limehama ugonjwa. Injini ya dizeli inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, na injini inayokaa nyuzi 60 haiunguzi vizuri: asubuhi inatoa moshi mweupe, inagonga kwa sauti, inakula mafuta, na mafuta yasiyoungua yanateleza pembeni mwa pistoni hadi kwenye oili. Kuta za silinda nazo huchakaa upesi zaidi injini ikiwa baridi. Na hita, iliyoanzisha mambo yote, bado ilikuwa feni ya msikitini. Kizibo kilikuwa cha kutuvusha hadi spea ipatikane.

Basi tukaanza kutafuta, na hapa ndipo kisa kinaponoga, kwa sababu kutambua ugonjwa kulichukua siku mbili na kupata themostati kulichukua wiki saba.

Ya kwanza ilitoka duka la spea la karibu. Maduka yetu ni ya Toyota, hilo halina lawama, magari yetu ni ya Toyota. Muuzaji alichomoa kiboksi, akasema, "Hii inaingia, mkuu, inaingia gari nyingi." Ilikuwa imechapwa 82 kwenye kikombe. Nyuzi 2 juu ya 80 ambazo injini hii ilitoka nazo kiwandani, na nyuzi 2 si kitu. Tulipoiweka kwenye kiti chake ilicheza kama bakuli ndani ya sufuria. Ukingo wake ulikuwa mdogo. Fundi alipendekeza tuizungushie gasketi nene kujaza nafasi. Nilikataa, kwa sababu ukingo unaovuja pembeni ni sawa na mlango usiofungwa, na zaidi ya hapo haikuwa na kisahani cha chini kabisa. Ilikuwa themostati ya njia moja, ya injini isiyohitaji kuzibiwa baipasi kwa namna hii. Hata ingekaa sawa ukingoni, gari lingechemka vile vile. Duka lilikubali kuirudisha baada ya maneno kidogo.

Ya pili niliifuata mwenyewe Dar es Salaam, nikiwa na safari ya shule. Nilishinda asubuhi nzima Gerezani, duka hadi duka, nikiwa na picha kwenye simu. Katika duka la nne kijana akatoa kitu kilichonifanya nitabasamu: ukingo mpana, kisahani chini, springi mbili. "Hii ni ya Benzi kabisa." Imechapwa 87. Nikauliza Benzi ipi. Akasema Benzi ya zamani, zote moja. Jirani yake, mzee aliyekuwa amekaa kwenye stuli akinywa kahawa, akasema bila kuinua kichwa: "Hiyo ya petroli." Nikasikia, nikapuuza. Niliona ukingo unalingana, na baada ya saa nne juani mtu huona anachotaka kuona.

Nyumbani Lushoto, themostati ile iliingia kwenye kiti chake kama imezaliwa pale. Kifuniko kilifunga bila kulazimisha. Fundi akataka tujaze maji twende. Nikasema tuipime kwanza, na kipimo hicho nataka nikieleze vizuri, maana ndicho kilichotuokoa, na karibu kitupotoshe.

Kulinganisha themostati na nyingine ikiwa baridi mezani hakutoshi. Kisahani cha chini kikiwa baridi huwa kimekaa mbali na mdomo wa baipasi. Kinaufikia pale tu nta inapovimba. Kwa hiyo unahitaji vipimo viwili. Cha kwanza, kutoka kwenye kiti cha ukingo hadi kwenye mdomo wa baipasi ndani ya nyumba yake: tuliingiza waya mnyoofu, tukautia alama, tukaupima kwa kalipa, kile kipimo chenye taya cha kusoma milimita. Cha pili, kutoka chini ya ukingo hadi uso wa kisahani themostati ikiwa imefunguka yote. Cha pili lazima kifikie cha kwanza. Kikipungua, baipasi haizibiki. Kikizidi kidogo hakuna neno, ndiyo kazi ya ile springi ya kisahani, inakubali kubonyea. Kikizidi sana kisahani kinagota mapema na mlango wa juu haufunguki hadi mwisho.

Tuliitundika kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto cha maabara ya shule, isiguse chini, tukawasha jiko. Ikaanza kufunguka karibu na 87 kama ilivyoandikwa. Maji yakachemka. Tukaitoa kwa koleo tukapima haraka: ilipungua milimita 6. Fundi akasema haifai. Mimi nikasema ngoja.

Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Mpishi wa maharage analijua hilo kuliko mwalimu. Themostati haifunguki yote pale inapoanza. Inahitaji nyuzi 12 hadi 15 zaidi. Ya 87 hufunguka yote karibu na 100 au kuzidi, na sufuria yetu haikuweza kufika huko hata tungetia kuni za msitu mzima. Ndani ya gari ni tofauti, kwa sababu kifuniko cha rejeta kinashikilia shinikizo na maji hayachemki hadi yapite 110. Tulikuwa tunaihukumu themostati kabla haijamaliza kusema. Tukarudia kwa kulanti, ile dawa ya kutia kwenye rejeta, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, ambayo huchemka juu zaidi, kwenye sufuria kuukuu ambayo haikurudi jikoni tena, maana kulanti ni sumu. Safari hii kipimajoto kilipita 100. Themostati ilifunguka yote, tukapima: ilipungua milimita 4.

Milimita 4 ni unene wa sarafu mbili zikiwa zimebebana. Zilitosha. Fundi, ambaye kwa wakati huu alikuwa ameanza kuupenda mchezo, alisema tuijaribu kwenye gari hata hivyo ili tuone kama namba zinasema kweli. Tulitoa kizibo, tukaiweka. Kwenye tambarare mshale ulikaa vizuri, karibu 90, hita ikapuliza moto, mjomba akavua koti. Mlimani ulipanda hadi 110 kabla ya Soni. Afadhali kuliko mwanzo, kwa sababu kisahani kiliubana mkondo wa baipasi kiasi, lakini bado ni kusimama barabarani. Hapo mjomba akaanza kusema kwamba labda ni hedi kweli.

Ukitaka kujua kwa nini themostati ya namna hii inanunuliwa, inafungwa, na gari linatangazwa kupona, ni kwa sababu watu wengi hulijaribu gari mjini. Kwenye tambarare ile ya 87 ingefaulu mtihani wowote. Angekuwa dereva wa Tanga mjini angeishi nayo miaka.

Ya tatu tuliitafuta kwa namba, si kwa picha, na hiyo nakiri tungepaswa kuianza siku ya kwanza. Kwenye kibati cha mbele ndani ya boneti namba ya chesesi inaanza na WDB123123. Tarakimu tatu za kwanza baada ya herufi ni umbo la gari, 123. Tatu zinazofuata ni aina: 123 ndiyo 240D. Ingekuwa 120 lingekuwa 200D, ingekuwa 130 lingekuwa 300D ya silinda 5. Lakini chesesi haitoshi kwa gari la umri huu, kwa sababu magari haya yamebadilishwa injini sana, na kadi ya gari haisemi. Tulisugua ubavu wa bloku kwa brashi ya waya na dizeli hadi namba ikaonekana: inaanza na 616912. Hiyo ni OM616, injini yake ya kuzaliwa. Tungekuta namba nyingine, ingebidi tutafute themostati ya injini iliyomo, bila kujali kilichoandikwa kwenye buti.

Namba zote mbili nilimtumia dada yangu mdogo anayefanya kazi Dubai. Kule Sharjah, kwenye mitaa ya viwanda, maduka ya spea za magari ya zamani yamepangana kama vibanda vya mitumba Karume. Alipokwenda hakusema Benzi ya zamani. Alisema 123.123, injini 616.912, nyuzi 80, yenye kisahani cha baipasi. Muuzaji alimletea mbili za majina tofauti akamwambia achague. Akanipigia simu video.

Nilimwomba aniwekee kalipa. Zote mbili zililingana na waya wetu, na zote mbili zilikuwa na 80 iliyochapwa kwenye chuma, si kwenye kiboksi tu. Hili la kiboksi na chuma kutofautiana jina limewachanganya wengi, wakidhani wameuziwa feki. Behr, ambayo ilitengeneza themostati nyingi za Mercedes, iliingia chini ya MAHLE mwaka 2013. Wahler ilinunuliwa na BorgWarner 2014. Kwa hiyo unaweza kukuta chuma cha jina moja ndani ya karatasi ya jina lingine na kila kitu kikawa halali. Feki unaitambua kwingine: namba ya joto imechapwa kwa wino unaofutika, springi nyembamba, kisahani kinachopinda ukikibonyeza kwa kidole gumba. Dada alichukua mojawapo pamoja na gasketi yake, ikaja na mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Kati ya ile ya Gerezani na hii, bei haikupishana sana.

Tuliichemsha nayo. Nyuzi 80, ikaanza. Kwa kuwa inaanza chini, hata maji ya Lushoto ya nyuzi 95 yanaitosha kufunguka karibu yote, na kwenye kulanti kisahani kilipita alama ya waya kwa milimita moja na nusu. Fundi aliitazama akaniuliza swali zuri: kama ile ya 87 ingekuwa na urefu sahihi, tungeitumia? Nadhani ndiyo, kwa kubanwa na shida. Nyuzi chache juu au chini hubadilisha mahali mshale unapokaa, na injini ya chuma cha kuvumilia kama hii haifi kwa hilo, ingawa mlimani unakuwa umejipunguzia akiba. Urefu na kisahani havina msamaha wa namna hiyo. Dukani, kitu cha kwanza kinachoulizwa ni upana wa ukingo, kisha namba ya joto, na urefu hauulizwi kabisa.

Kufunga kulikuwa rahisi. Kitundu kidogo chenye kipini kinachocheza kwenye ukingo tulikielekeza juu, ili hewa ipate pa kutokea. Tuliegesha gari pua ikitazama mlimani, jambo ambalo ukiwa Lushoto huna haja ya kulitafuta, tukafungua hita hadi mwisho, tukamimina kulanti taratibu huku fundi akiminya hosipaipu ya juu kama anayekamua ng'ombe, hadi mapovu yakaisha. Injini ikaachwa iungurume hadi rejeta ilipopata joto ghafla, ikaongezwa tena.

Siku iliyofuata tulishuka Mombo asubuhi na mapema. Mjomba aliendesha mwenyewe. Kwenye tambarare mshale ulikaa kwenye 80 kama umegongewa msumari. Tulipoanza kupanda ulisogea, ukapita 85, na kwenye kona za chini ya Soni, nyuma ya lori la mbao lililokuwa linatambaa, ulifika karibu 95. Hapo mjomba aliinua mguu kwa mazoea. Nikamwambia aendelee. Ulibaki pale pale. Barabara ilipolala kidogo ukashuka wenyewe.

Tulipita Soni bila kusimama. Kina mama wa plamu walitupungia mkono, mmoja akainua kikapu, kwa kuwa walilijua gari. Mjomba alipiga honi, akaenda kama mita 200, akakanyaga breki, akarudi kinyumenyume.

Kizibo cha alumini kiko kwenye kisanduku cha dashibodi, kimefungwa kwenye kitambaa pamoja na waya wenye alama. Ile ya 87 fundi ameitundika ukutani kwake, na mteja akija na Benzi ya petroli, ataipima kwanza.